Usitafute Umati, Mtafute Mwenye Shida

Wiki hii msomaji ameniandikia kwa uchungu. Ametengeneza programu ya simu, amelipia matangazo, watu wakaipakua, kisha wakaifuta. Anauliza afanye nini. Nilitaka kumjibu kwa mistari mitatu, jibu likarefuka, nikaona heri niliweke hapa maana najua mko wengi wenye ndoto hiyohiyo.

Mimi nilitengeneza programu ya kuhifadhi vipimo vya wateja wa mafundi cherehani. Leo inatumiwa na mafundi ambao sijawahi kuwatia machoni, na sioni haya kusema najivunia. Ila mwanzoni mwenzangu tuliyeanza naye alitaka tumtangazie kila mtu. Nikang'ang'ania mafundi wachache waliokuwa wakishona kwenye jengo moja. Akajitoa, na siku ya kuondoka akaniambia kwamba nacheza. Neno lile linaniuma mpaka leo.

Fundi mmoja pale alikuwa na daftari lililochakaa, kurasa zimejikunja, namba za kiuno na mabega zimefifia kwa jasho la mikono. Mteja wa zamani akija, fundi anapekua weee, mwisho anavuta tepu shingoni na kumpima upya. Nilipomwekea programu, akawa anaandika jina tu, vipimo hivyo hapo. Jirani yake wa cherehani ya pili akanyoosha shingo: "Hicho nini tena?" Nilikuwa nimekaa pembeni, sikufungua mdomo. Fundi akamweleza mwenyewe, kwa lugha ya kazi yao, vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Tangu hapo ikawa mimi ndiye natafutwa.

Mambo haya hayakuanza na mimi. Katika jimbo la Iowa, Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross waliwahoji wakulima 259 kuhusu mbegu chotara za mahindi, wakachapisha utafiti wao mwaka 1943. Kati ya 1928 na 1941, wote isipokuwa wawili walikuwa wamezipokea. Habari za mbegu wengi walizipata kwanza kwa wauzaji, lakini waliowashawishi hasa ni majirani. Na wengi walianza kwa kujaribu kwenye kipande kidogo cha shamba.

Hata hospitalini ni hivyohivyo. Oktoba 1846, huko Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, dawa ya kumlaza asisikie maumivu, kabla ya upasuaji, na mwaka ule haukuisha kabla etha haijatumika London. Mpasuaji Joseph Lister akaja kutangaza mwaka 1867 njia yake ya kuua vijidudu vya kidonda kwa asidi ya kaboliki, na ikambidi abishane na wenzake kwa miaka. Zote mbili zilimfaa mgonjwa. Lakini etha ilizima kilio palepale, mbele ya kila aliyekuwa chumbani, na mpasuaji mwenyewe akafanya kazi kwa utulivu. Vijidudu hakuna aliyeviona kwa macho, asidi ilichubua mikono ya daktari, na nafuu ya kidonda kisichooza ilikuja siku kadhaa baadaye.

Kwa hiyo ndugu zangu, kama faida ya kitu chako inakawia, tafuteni sehemu yake inayoweza kuonekana leo, tena ionekane na jirani. Na msimdai mtu aache alichozoea kwa siku moja. Mafundi wangu niliwaambia waendelee na daftari, wateja wapya tu ndio waingie kwenye simu. Daftari likaachwa bila mimi kuligusa.

Acheni pia kuabudu idadi ya waliopakua! Aliyepakua akafuta hajakupokea. Hesabuni wanaorudi kesho yake, na zaidi ya hao, wanaomwonyesha mwenzao bila kuombwa. Hao wakiwa wachache, hakuna tangazo litakalowaongeza. Wakiwa wengi, tangazo halihitajiki sana.

Wewe uliyeniandikia, simamisha matangazo kwa sasa. Katika hao waliofuta, tafuta wawili watatu wenye shida hasa ile uliyokusudia kuitatua, uwaombe ukae nao wakiwa kazini. Usianze kuwafundisha. Angalia wanapokwama, rekebisha hapo tu, kisha rudi kwao tena.