Kianzishi Kikiwa Kwenye Diski Isiyo Yake

Tatizo hili hujitokeza siku unapochomoa diski ya pili, au flashi uliyosakinishia Linux, kompyuta ikawaka lakini mfumo usipande. Mfumo wenyewe ni mzima na mafaili yako yapo. Kilichoondoka ni kianzishi, ile programu ndogo inayotangulia kuupakia mfumo, kwa sababu kiliwekwa kwenye diski nyingine. Usikimbilie kusakinisha upya.

Nimetengeneza kompyuta kadhaa za namna hii, na kwa maoni yangu kazi iko kwenye utambuzi kuliko kwenye amri. Washa kompyuta kwa flashi ya Linux, kisha uangalie kama folda ya /sys/firmware/efi ipo. Ikiwepo, umewasha kwa UEFI, yaani programu ya kisasa ya ubao mama inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo. Isipokuwepo, uko kwenye BIOS, mtangulizi wake wa zamani, na ukitengeneza kwa njia isiyolingana na ile iliyotumika kusakinisha mfumo, utajiongezea tatizo la pili. Baada ya hapo endesha lsblk -f ili usome UUID, yaani namba ya utambulisho, ya kila sehemu ya diski. Majina kama sda na sdb usiyategemee, kwani yanaweza kubadilishana kompyuta inapowashwa tena.

Kwenye UEFI, kianzishi hukaa katika sehemu ndogo ya EFI yenye muundo wa FAT32. Ikiwa diski ya mfumo haina sehemu hiyo, itengeneze. Megabaiti 512 zinatosha. Pachika (mount) sehemu ya mfumo kwenye /mnt, ile ya EFI kwenye /mnt/boot/efi, kisha /dev, /proc na /sys kwa mount --rbind, uingie ndani ya mfumo huo kwa chroot na kuendesha grub-install, amri inayosakinisha GRUB, kianzishi cha Linux.

Usitoke kabla ya kufungua na kurekebisha /etc/fstab, faili linaloorodhesha sehemu za kupachikwa mfumo unapowaka, hatua ambayo wengi huiruka. Mstari wa /boot/efi bado unataja UUID ya diski ile nyingine. Ukiuacha hivyo, sasisho lijalo la GRUB linaweza kuandika kule kule, na diski hiyo ikichomolewa, mifumo mingi itasubiri sekunde 90 kisha iingie hali ya dharura.

Kwa BIOS mambo ni mepesi: grub-install huelekezwa kwenye diski nzima, si sehemu yake, na kwenye Debian au Ubuntu unamalizia kwa dpkg-reconfigure grub-pc.

Kama ni UEFI, hakiki mpangilio wa kuwasha kwa amri ya efibootmgr. Kisha zima kompyuta, chomoa diski isiyohusika, uwashe. Mfumo ukipanda, ndipo ufute folda ya kianzishi cha zamani, na kama Windows iko kwenye diski hiyo, folda ya Microsoft usiiguse kabisa.