Wiki nyingi zisikuhadae: kwa mnaochagua mwajiri huku mkipanga kupata mtoto

Wadogo zangu, barua za ajira zinapoanza kutoka, swali huwa lile lile: "Huku wanatoa wiki 20 za likizo ya uzazi, kule 14. Niende wapi?" Ukiuliza hivyo hujaeleza bado kitu cha kukujibu. Watu makini kabisa, wanaosoma mkataba wa pango mstari kwa mstari, wanasaini mkataba wa kazi kwa kuangalia namba moja. Inauma, maana hesabu yenyewe ni ya nusu saa.

1. Anza kwa kuweka kila ofa kwenye kipimo kimoja. Sheria ya Uganda inataja siku 60 za kazi, ya Tanzania siku 84, ya Kenya miezi mitatu. Zinafanana mpaka uzihesabu. Siku 60 za kazi ni wiki 12 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, lakini ni wiki 10 tu kwa anayeingia na Jumamosi. Siku 84 ni wiki 12 kamili, mwisho wa wiki ukiwa ndani yake. Miezi mitatu ni kati ya siku 89 na 92 kutegemea mwezi ulioanza. Kwa hiyo mwajiri akikuandikia "siku 90", muulize: za kazi au za kalenda? Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka wiki 14 kama kiwango cha chini, na malipo yasiyopungua theluthi mbili ya kipato cha awali pale yanapokokotolewa kwa kipato hicho. Tumia hicho kupima ofa zote.

2. Kisha geuza wiki kuwa pesa. Neno "malipo kamili" halitoshi. Kamili ya nini? Tuseme mshahara wako ghafi ni 100, na wa msingi ni 60, kilichobaki ni posho. Mwajiri wa kwanza anatoa wiki 20: nane kwa mshahara wa msingi kamili, 12 kwa nusu ya msingi. Hiyo ni sawa na wiki 14 za msingi, yaani wiki 8.4 za kipato chako cha kawaida. Wa pili anatoa wiki 14 kwa mshahara ghafi wote. Ni 14 kwa 8.4, na aliyeonekana mkarimu ndiye aliyeachwa mbali. Wanaolipwa kwa kamisheni wawe macho zaidi: uliza kama wastani unachukuliwa wa miezi mitatu au 12 iliyopita, kwa sababu miezi ya mwisho ya ujauzito mauzo huweza kushuka.

Kama una mkopo unaokatwa kwenye mshahara, makato hayapungui kwa sababu tu mshahara umekuwa nusu. Ongea na benki kabla ya tumbo kuonekana.

3. Tarehe. Hapa ndipo wengi wanapoumia, na hapa sitaharakisha.

Waajiri wengi wanaotoa zaidi ya sheria huweka sharti la utumishi, mara nyingi miezi 12. Sheria nayo inaweza kuwa na lake: Tanzania, mwenye chini ya miezi sita kazini kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo. Mtu anasoma "miezi 12 ya utumishi", anasema sawa, mwaka si mrefu, anaendelea na mipango yake. Hajauliza miezi hiyo inahesabiwa hadi lini.

Chukua wiki 52 za utumishi na ujauzito wa wiki 40, unaohesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kama sharti linapimwa siku ya kujifungua, hedhi hiyo ya mwisho isitangulie wiki ya 12 tangu uanze kazi. Kama linapimwa siku likizo inapoanza, nawe unatoka wiki nne kabla ya makadirio (tarehe unayotarajiwa kujifungua), hiyo ni wiki ya 36 ya ujauzito, basi isitangulie wiki ya 16 kazini. Na kama linapimwa wiki 15 kabla ya makadirio, isitangulie wiki ya 27. Sentensi ile ile moja kwenye kanuni, na tofauti inafika wiki 15. Ongeza angalau wiki nne za tahadhari, kwani mtoto anaweza kuja kabla ya wiki ya 37 na kanuni ikapimwa siku aliyozaliwa.

Bima ya afya ina saa yake nyingine. Bima nyingi zina muda wa kusubiri kabla ya kulipia uzazi, na mwajiri akiwa anawasajili tu waliothibitishwa kazini, saa hiyo haianzi siku uliyoripoti. Muda wa majaribio miezi mitatu, kusubiri miezi kumi: ni miezi 13. Uliza pia kikomo cha upasuaji, na mtoto anatakiwa kusajiliwa ndani ya siku ngapi ili alipiwe tangu kuzaliwa.

Likizo na bima zikiwa na tarehe tofauti, panga kwa ile ya mbali zaidi.

4. Soma kipengele cha kurudisha pesa. Baadhi ya waajiri hudai sehemu ya malipo ya ziada ukiacha kazi ndani ya miezi sita au 12 baada ya kurudi. Kama unajua utahama, toa kiasi hicho kwenye hesabu yako ya namba 2.

5. Mtoto wa pili. Tanzania likizo ya uzazi inahesabiwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Wanaotaka watoto wafuatane kwa karibu waulize mapema sera ya mwajiri inasema nini juu ya likizo ya pili ndani ya mzunguko huo.

6. Mkataba wa muda maalumu: angalia unaisha lini. Ukiishia katikati ya likizo, uliza kwa maandishi malipo yanakuwaje.

7. Namna ya kuuliza bila kujitangaza. Subiri barua ya ajira itoke, usisaini. Omba kanuni za utumishi nzima pamoja na jedwali la mafao ya bima, "ili nisome kabla ya kusaini". Huhitaji kutaja uzazi. Ukikuta sentensi yenye utata, uliza pamoja na mbili tatu za likizo ya mwaka na ya ugonjwa, kwa barua pepe, na majibu yahifadhi nje ya kompyuta ya ofisi. Wakikupa kurasa mbili za muhtasari, rudi uombe hati kamili. Sharti la utumishi na kipengele cha kurudisha pesa kwa kawaida haviingii kwenye muhtasari.