Umeme wa kubandika kifuani haumtoi mtu kwenye mashine ya kupumulia

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu alianguka kutoka juu ya mnazi akavunjika shingo. Tangu mwaka jana anapumua kwa mashine kupitia tundu la shingoni. Kuna mtu anatuuzia kifaa cha umeme cha kubandika kifuani, anasema kitaamsha misuli na mashine itaondolewa. Tununue?

JIBU: Marahaba. Msinunue. Naulizwa hili kila mara, na kifaa ni kilekile: kisanduku cha betri na vibandiko vinne, kilichotengenezwa kutuliza maumivu ya mgongo. Msuli mkuu wa pumzi ni kiwambo, kilichojificha chini ya mapafu, na huamriwa na neva zinazotoka shingoni, usawa wa pingili ya 3 hadi ya 5. Muuzaji akiwaonyesha kifua kinarukaruka, hiyo ni misuli ya juu tu. Hewa haiingii.

Tiba ya kweli ipo, ila ni ya upasuaji: elektrodi, yaani vijiwaya vya kupeleka umeme, hupandikizwa kwenye neva hizo au kwenye kiwambo chenyewe. Christopher Reeve, mwigizaji wa filamu aliyepooza baada ya kuvunjika shingo, aliwekewa huko Cleveland, Marekani, mwaka 2003. Hufaa pale tu jeraha limekata amri ya ubongo huko juu, huku neva zenyewe zikiwa hai. Zikishakufa, hakuna cha kusisimua. Kwa hiyo kaka apimwe kwanza: neva isisimuliwe shingoni, kiwambo kitazamwe kwa ultrasaundi kama kinashuka. Hata akifaa, msuli uliolala muda mrefu umenyauka, na huzoezwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, pengine miezi.

Kinachoniudhi zaidi ni ile kauli ya "tujaribu tu, umeme haudhuru". Unadhuru. Uingereza waliwapandikizia elektrodi wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli. Matokeo yalitoka mwaka 2015: kwa waliopandikizwa huku wakitumia pia mashine ya kupumulia ya barakoa, nusu walifariki ndani ya miezi 11; kwa waliopewa mashine hiyo peke yake, ilichukua zaidi ya miezi 22 hadi nusu yao wafariki. Na hao walikuwa mikononi mwa mabingwa, si mwa mchuuzi mwenye kisanduku.

Yeyote atakayewaambia mumchomoe mgonjwa kwenye mashine "dakika tano tuone", mtoeni nje hapohapo. Fedha hizo nunulieni betri ya akiba na ambu, ule mfuko wa kupumulisha kwa mkono, na kila anayelala na mgonjwa ajifunze kuutumia kabla umeme haujakatika usiku.