Pimeni kile kitakachomfikia mgonjwa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, kano na mifupa, kumbukeni kwanza supu ya kongoro. Ikichemka saa nyingi mchuzi hunata vidoleni, na ukipoa huganda. Ile ni kolajeni iliyoachana: minyororo mitatu iliyosokotana kama kamba imefunguka ikawa jelatini.

Basi kazi yetu ni kuzuia isiwe supu. Kano tunazotoa machinjioni Dagoretti huja juu ya barafu, na kuziyeyusha kwenye asidi ya asetiki hufanywa kwa nyuzijoto 4. Ikishayeyuka, kolajeni ya ng'ombe huanza kufunguka karibu na joto la mwili wako tu. Chupa iliyosahaulika dirishani jua la Februari likiwaka, imwageni.

Mimi lakini niliumia mwishoni kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza sponji za kufunika vidonda vya moto. Niligandisha polepole ili vitundu viwe vikubwa, seli zipate njia ya kuingia, nikazikausha zikiwa bado barafu. Nikapima nguvu, nikapima zinavyostahimili kimeng'enya kinachokula kolajeni. Matokeo yakanifurahisha sana. Kisha zikapelekwa kupigwa mionzi ya gama, kipimo cha kilogrei 25, kuua vijidudu. Zilirudi na weupe ule ule, umbo lile lile. Nikaloweka moja kwenye maji ya chumvi, nikaiinua kwa kibanio, ikakatika kama mkate uliolowa chai. Mionzi ilikuwa imekatakata minyororo. Miezi minne nilikuwa nimepima kitu ambacho hakuna mgonjwa angewekewa.

Msikimbilie otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke: nyuzijoto 121 zenye mvuke ni kongoro tena. Gesi ya oksidi ya ethilini haikati minyororo hivyo, ila hujishikiza kwenye kolajeni yenyewe, na mabaki yake ni sumu, kwa hiyo ipewe muda wa kutoka.

Kukaza nyuzi nako kuna gharama. Kemikali ya glutaraldihaidi hukaza kweli, ndiyo maana vali za moyo za nguruwe hutibiwa nayo, lakini mabaki huua seli na tishu hiyo huvuta chokaa. Kwa sponji za ngozi napendelea kemikali nyingine, EDC: huunganisha minyororo bila yenyewe kubaki katikati, na masalio huondoka kwa maji. Osheni vizuri, mara nyingi kuliko mnavyodhani inatosha.

Na katika kila fungu tengeni vipande vitatu visivyopigwa mionzi, mvipime siku moja na vilivyopigwa.