Barua kwa mwanangu anayetaka kuanza uwinga wa mtandaoni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza dukani katikati ya kelele za mikokoteni, mara ya pili usiku nikiwa nimetulia. Umeuliza, "Mama, wewe uko Kariakoo miaka yote. Hii biashara ya kupewa linki, unaiweka mtandaoni, mtu akinunua unapata kamisheni, ni ya kweli? Nianzie wapi?" Halafu mwishoni, haraka haraka, ukasema kuna mwalimu anataka umpe 150,000 uingie kwenye darasa lake, na kila utakayemleta unarudishiwa 50,000.

Naanza na hiyo 150,000 kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Usiitoe, baba. Jiulize hela inatoka wapi. Ikitoka kwa mteja aliyenunua betri au sufuria akaondoka nayo, hiyo ni biashara. Ikitoka kwenye kiingilio cha mwenzako uliyemleta, naye anasubiri kumleta mwingine ili arudishe yake, huo ni upatu, hata wauite darasa, na sheria ya nchi yetu inaukataza. DECI, ule upatu uliozoa hela za watu wengi hapa nchini, ilipofungwa mwaka 2009 wewe ulikuwa bado mdogo. Watu waliambiwa wanapanda mbegu na watavuna, kumbe mavuno ya wa mwanzo ndiyo mbegu za waliokuja nyuma yao. Siku hizi mbegu imebadilishwa jina ikawa kozi. Kampuni za kweli hazikutozi kiingilio. Hata Amazon, lile duka la mtandaoni la Marekani, wakubwa wote wale, kujiandikisha kwao ni bure.

Sasa biashara yenyewe. Ni ya kweli, na umeiona kwa macho yako tangu ukiwa unakuja dukani na sare za shule. Ni uwinga. Winga hana fremu wala mzigo. Anamjua mteja anatafuta nini, anajua duka lipi linacho, anawakutanisha, anapata cha juu chake. Wewe unataka kuwa winga ambaye mteja wake yuko Singida au Tunduma na wala hamjaonana uso kwa uso.

Kuna winga mmoja aliwahi kufanya kazi na mimi, kijana wa Tandika. Siku moja jioni akaniletea mama lishe kutoka Temeke anayetaka sufuria kubwa la pilau. Yule mama macho yake yakaenda kwenye moja linalong'aa vizuri, na kwa hilo cha juu cha kijana kilikuwa kikubwa, faida yangu pia ilikuwa kubwa. Kijana akaligeuza, akabonyeza kitako kwa kidole gumba, kikabonyea kidogo na kurudi. Akasema, "Mama, hili kwenye mkaa wiki mbili tu kitako kinatuna, wali unaungua katikati. Chukua lile zito, hata kama halina mng'aro." Yule mama akachukua zito, kwa bei ndogo. Siku hiyo nilimkasirikia yule kijana, sikuficha. Idi ilipokaribia yule mama akarudi na wenzake wawili. Hakuulizia masufuria. Aliuliza, "Yuko wapi yule kijana aliyenikataza?"

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla hujagusa linki yoyote. Duka ndilo litakalokulipa, lakini kazi yako unamfanyia mteja. Siku utakapoanza kuchagua bidhaa kwa kuangalia ipi ina kamisheni nono, watu watajua, na mtandaoni hawatakugombeza, watapotea tu kimya kimya.

Dada yako na mimi tumekaa jioni mbili barazani tukisoma masharti ya Amazon, yeye akinisomea na kunitafsiria, maana nilitaka kujua mambo haya yanavyokwenda. Wameanza mpango huu wa linki Julai 1996, enzi hizo wakiwa bado wauza vitabu. Linki unayopewa ina alama yako ndani yake. Mtu akiibofya, simu yake inatunza kumbukumbu ndogo, wanaiita kidakuzi, inayosema huyu kaletwa na fulani. Kwa Amazon kumbukumbu hiyo inakuhesabia kwa saa 24. Mteja akiondoka bila kuweka kitu kwenye kikapu, akarudi siku ya tatu kwa njia yake mwenyewe, wewe huna chako. Akirudisha mzigo, kamisheni inafutwa. Na ndani ya siku 180 za mwanzo uwe umeleta mauzo yasiyopungua matatu, la sivyo wanakufungia. Hela yenyewe inalipwa takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha.

Tukapiga hesabu. Vyombo vya jikoni kwenye soko lao la Marekani vina asilimia 4.5. Chombo cha dola 30 kinakupa dola 1.35. Kwa hiyo unahitaji wanunuzi wengi, na wanunuzi hao wako Marekani. Watu wako wewe wako Manyoni na Iramba. Nani ataagiza sufuria Marekani na kulilipia usafiri mpaka Iramba? Ukitaka kuandika kwa Kiingereza kwa ajili ya watu wa huko, fanya baadaye ukishapata uzoefu. Na kabla ya kujiunga na mpango wowote wa nje uliza kwanza hela itakufikiaje mkononi, maana kuna njia zinazomfikia mtu wa Nairobi na zisimfikie wa Dar.

Mimi nakushauri uanze na duka la hapa hapa na kitu kimoja unachokijua. Na kitu unachokijua, wewe fundi, ni sola. Unakumbuka Krismasi kule kwa babu yako, taa zilipokuwa zinazima saa nne usiku? Ulichomeka mita kwenye betri, ikasoma chini ya volti 11, ukamwambia, "Babu, betri ya asidi ukiikamua kupita nusu kila usiku unaiua mwenyewe. Kama lazima uwashe na friji, tafuta ya lithiamu, ni ghali lakini hiyo inavumilia." Majirani wawili waliokaa pale wakakuuliza waipate wapi iliyo nzuri. Ukasema, "Mtaulizia mjini." Mwanangu, pale ulikuwa winga tayari, ulichokosa ni duka la kuwapeleka.

Basi chukua daftari. Kila mteja wako wa ufundi anapokuuliza swali, liandike kwa maneno yake yeye, usilinyooshe. "Betri ya 100 inawasha friji?" "Paneli ikikaa chini ya mwembe inachaji?" "Mbona inveta inalia?" Ndivyo watu watakavyoandika wakitafuta Google au YouTube, na wengi wa wanaojibu huko hawajibu kwa Kiswahili cha fundi aliyeshika mita. Kila swali ni video moja fupi au andiko moja. Jibu ishirini kwanza bila kuuza chochote. Onyesha mita, onyesha nyaya zilizoungua, onyesha betri iliyovimba. Kitu ambacho hujakifunga kwa mkono wako, usikisifie.

Kuhusu duka, mkubaliane kabla, na muandikishane hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp. Asilimia ngapi, na inahesabiwa kwenye bei aliyolipa mteja au kwenye faida? Tuseme ni asilimia 5 ya bei: betri ya 600,000 inakupa 30,000. Unalipwa lini? Betri ikirudishwa kwa garantii inakuwaje? Watajuaje mteja ni wako? Duka dogo halina linki za kuhesabu, lakini linaweza kukupa neno la kutaja, mteja akilitaja wanaandika jina lako. Na hili nakuomba kama mama: hela ya mteja isipite kwenye simu yako. Alipe Lipa namba ya duka, apewe risiti ya duka, mzigo uende stendi ya Magufuli pale Mbezi upande basi. Siku basi likichelewa au betri ikapasuka njiani, usiwe wewe ndiye uliyekaa na hela za watu.

Waambie watu wazi kwamba unalipwa. Amazon wanakulazimisha uandike hivyo, na Marekani sheria inataka. Wewe fanya hata pasipo wa kukulazimisha. Sema tu, "Ukinunua kupitia mimi, duka linanipa kamisheni, bei kwako haibadiliki," na hakikisha kweli haibadiliki. Kariakoo kila mtu anajua winga ni winga, na bado anaongozana naye.

Usinunue wafuasi. Mwaka juzi nilimlipa mtu 80,000 anitangazie masufuria mtandaoni. Akaniletea wafuasi elfu tatu, na katika hao elfu tatu hakuna hata mmoja aliyeuliza bei. Ile hela ilikuwa kodi ya stoo. Wewe hesabu waliouliza, na walionunua, na waliorudi. Hao wengine achana nao.

Namba za simu za watu wako zitunze. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, nilimwona mama mmoja aliyekuwa na meza yake humo ndani amekaa kwenye ndoo Jumatatu yake, uso umemsawijika. Mzigo wote ulikuwa umekwenda. Ila daftari lake la wateja lilikuwa nyumbani. Ndani ya wiki alikuwa anapiga simu moja moja, anachukua mzigo kwa watu kwa mali kauli, yaani analipa akishauza, na kuwapelekea. Ukurasa wa mtandaoni nao ni eneo la mtu. Unaweza kufungiwa kesho, na kampuni inaweza kuondoka. Jumia, wale wa duka la mtandaoni, walifunga shughuli zao hapa Tanzania Novemba 2019. Lakini omba ruhusa kabla hujaanza kumtumia mtu matangazo, na namba yake usimpe mwingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata ingekuwa haipo, mtu aliyekupa namba kwa ajili ya betri yake hakukupa uigawe.

Kazi ya ufundi usiiache. Ndiyo inayokupa maswali, na ndiyo inayokulisha wakati mtandao bado haujajibu, na unaweza usijibu kwa miezi kadhaa. Bando liwekee kiasi chake kwa mwezi. Mikopo ya kwenye simu usiiguse kwa ajili ya jambo hili, tafadhali sana.

Jumamosi nikifunga nitapita kwa yule muuza sola wa mtaa wa pili, yule anayekubali kumfungulia mteja boksi na kuipima betri mbele yake. Nitamuuliza anatoa asilimia ngapi kwa winga wa mkoani, na betri ikirudi nani anabeba nauli. Kabla ya hapo nipigie picha ukurasa wa kwanza wa daftari lako unitumie, nikamwonyeshe maswali ya watu wako. Andika kwa mwandiko unaosomeka, macho yangu siku hizi unayajua.

Mama yako