Punda anayegoma njiani na kurusha mateke: namna ya kuelewana naye

Mkuu, umesema umenunua punda wawili mnadani Nzega kwa kazi ya kusomba maji, na dume mmoja anasimama katikati ya njia hata umchape vipi, halafu ukimshika mguu wa nyuma anarusha teke. Umeuliza kama zile video za watu wanaoelewana na farasi bila kiboko zinaweza kumfaa punda, au umrudishe mnadani. Usimrudishe kwanza. Najibu kwa kirefu kwa sababu wachangiaji waliotangulia wamekushauri fimbo nene zaidi, na kwa njia hiyo utamharibu hata huyo wa pili ambaye bado ni mzima.

Sisi tumelelewa na methali mbili mbaya kuhusu mnyama huyu: punda haendi bila kigongo, na asante ya punda ni mateke. Ile ya pili ina ukweli nusu. Teke ni neno la mwisho la punda. Kabla ya kulifikia alishasema maneno manne au matano na hakuna aliyemsikiliza. Kazi yako ni kuyasikia yale ya mwanzo.

Kuhusu video za farasi: chukua baadhi, mengine acha. Usichukue ile ya kumkimbiza mnyama kwenye ua wa duara mpaka achoke amfuate mtu. Farasi akiogopa hukimbia, na mchezo mzima umejengwa juu ya tabia hiyo. Punda asili yake ni punda mwitu wa nchi kavu za Eritrea, Ethiopia na Somalia, ambako malisho ni haba na wanyama hawatembei kwa makundi makubwa. Akiogopa husimama, hutazama, ndipo huamua. Ukimkimbiza uani atazunguka mara mbili kisha atajibanza kwenye kona na kukugeuzia makalio, na hapo umemfundisha kitu usichotaka. Kwa hiyo unachokiita kugoma mara nyingi ni punda anayefikiri, anayeogopa au anayeumwa. Farasi wenyewe mkoani kwetu Tabora ni wa kuhesabu, na si jambo la leo: Stanley, yule mwandishi aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja Unyanyembe (Tabora ya leo) alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa kabla hata hajafika Ugogo, upande wa Dodoma.

Anza na maumivu. Hili watu huliruka, wanakwenda moja kwa moja kwenye mafunzo. Punda huficha maumivu kuliko farasi. Atasimama kimya, atainamisha kichwa kwenye majani na kutafuna mdomo mtupu ili aonekane anakula. Usidanganyike na mdomo unaochezacheza, angalia kama majani yanapungua na kama kinyesi kinatoka kama kawaida. Asubuhi akiwa amepumzika, mpime. Joto la mwili la punda mzima ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.8 za Selsiasi. Mapigo ya moyo ni 36 hadi 52 kwa dakika. Yapapase kwa vidole viwili kwenye mshipa unaopita chini ya taya kwa ndani, hesabu sekunde 30 uzidishe mara mbili. Pumzi ni 12 hadi 28 kwa dakika, hesabu kwa kutazama ubavu. Punda aliyekataa chakula siku nzima ni dharura, hasa akiwa mnene au jike mwenye mimba, kwa sababu mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kuharibu ini. Usisubiri kesho, mwite mtaalamu wa mifugo.

Kisha mkague kwa macho na kwa kiganja: pale shingo inapokutana na mgongo, kifuani, nyuma ya viwiko vya mbele, chini ya mkia panapopita kamba, na pembe za mdomo. Unyoya mweupe katikati ya unyoya wa kijivu ni kovu la mzigo wa zamani, na hapo ndipo atakapokataa kuguswa. Inua kwato. Wakati wa masika punda anayeshinda kwenye tope la mbuga huoza sehemu laini ya chini ya kwato. Utaisikia harufu kabla hujaona kitu. Zisafishe kila siku kwa kijiti butu, na kila wiki sita hadi kumi mtu anayejua azipunguze.

Sasa mzigo. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 150. Mgongoni mpe kilo 50 kwa juu kabisa pamoja na matandiko, yaani madumu mawili ya lita 20, moja kila upande, yakiwa yamejaa sawa. Barabarani naona manne, halafu mwenye punda analalamika kwamba amefuga mkaidi. Matandiko yawe na mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati pabaki mfereji ambao vidole vyako vinapita. Gunia lililokunjwa likatupwa mgongoni halitoshi, linakandamiza mfupa.

Kama unatumia mkokoteni, hakikisha hujamfunga nira ya maksai. Ng'ombe husukuma kwa nundu. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani. Mpe mkanda wa kifua wenye upana wa vidole vinne au vitano, wa turubai au pamba iliyokunjwa. Mpira wa ndani wa tairi ni imara lakini unatunza jasho na kukwangua ngozi, basi ushonee kitambaa upande unaomgusa mnyama. Mkanda ukikaa juu sana unabana koo na pumzi. Ukishuka sana unazuia bega kusogea mbele. Panapofaa ni juu kidogo ya mfupa wa mbele wa bega. Punda anayetembea vizuri mahali tambarare halafu akasimama mlimani, mara nyingi anakabwa na mkanda huo. Na kwa mkokoteni wa magurudumu mawili, uzito uelekee mbele ya ekseli kidogo tu. Ukipakia nyuma, mti wa mkokoteni unanyanyuka na mkanda wa tumboni unamning'iniza.

Ukishaondoa maumivu, nusu ya ugomvi itakuwa imekwisha. Iliyobaki ni lugha.

Masikio ndiyo yanayosema kwanza. Sikio moja mbele na jingine nyuma maana yake anasikiliza pande mbili, pamoja na wewe. Yote mawili mbele, shingo juu na pua zimepanuka: ameona kitu, mpe nafasi akitazame. Yakilala kwa kando kama majani yaliyonyauka, na macho yamezubaa, ama amesinzia ama anaumwa. Tofauti utaijua ukimwita, aliyesinzia atayasimamisha. Yakilazwa nyuma kabisa na kubanwa shingoni, ngozi ya pua imekunjamana na mkia unapiga, ondoka. Kabla ya teke huwa pia anahamisha uzito kwenye mguu mmoja, anakaza makalio na kuubana mkia. Ishara za punda ni ndogo kuliko za farasi, ndiyo maana tunasema "amepiga ghafla". Na hii desturi ya kukata masikio kuweka alama, mimi siikubali hata kidogo: unamkata kiungo cha kusemea, halafu miaka yote anaogopa mkono unaokaribia kichwa. Weka alama kwa rangi au kwa kunyoa. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mwili wa mnyama si daftari.

Namna ya kumkaribia. Haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja wala kilicho chini ya pua yake. Njoo kwa mshazari kuelekea bega, mwite kwa sauti ileile kila siku, usimkazie macho. Simama hatua mbili kabla hujamfikia. Nyoosha mkono uliokunjwa ngumi, anuse. Akigeuza kichwa pembeni, rudi hatua moja. Kurudi huko ndiko kunakomwonyesha kwamba ukisemeshwa unasikia. Akikubali, usimpapase usoni. Mkune pale shingo inapokutana na mgongo, kwa kucha, sekunde kumi, kisha acha. Ndipo punda wenyewe wanapokunana, na kwa farasi imepimwa kwamba kukunwa hapo kunashusha mapigo ya moyo. Mdomo wa juu ukirefuka na kutetemeka, umepapata. Akikusogelea ulipoacha, endelea. Asipokusogelea, kazi ya leo imeisha.

Mafunzo yawe dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, kabla ya kazi na si baada ya safari ya tatu ya kisimani. Punda mwingine awepo karibu. Punda hufungamana wawili wawili, na ukimtenga mmoja ili "umfundishe kwa utulivu" atakuwa anamsikiliza mwenzake tu, akilia mpaka mtaa wa pili. Hata mmoja akifa, mwache aliyebaki aukaribie mwili mpaka auache mwenyewe, la sivyo atatafuta siku nyingi na kugoma kula.

Kufundisha kuongozwa: tumia hatamu ya kamba isiyo na chuma mdomoni, ya pua ikae vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, na vidole viwili vipite ndani yake. Kamba ya kuongozea iwe mita mbili na nusu au tatu, nene kama kidole gumba, na usiizungushe mkononi kamwe. Simama kando ya bega lake, usiwe mbele. Ikaze kidogo tu kuelekea unakotaka na ubaki hivyo hivyo, usiongeze nguvu. Akiegemeza hata uzito tu upande huo, legeza papo hapo. Anachojifunza ni kile kilichotokea wakati kamba ilipolegea. Ukichelewa sekunde tatu umefundisha kitu kingine. Kosa letu kubwa ni kuvuta kichwa kwa nguvu, kwa sababu punda akivutwa huvuta kinyume. Akikwama njiani kabisa, mgeuze kichwa kando, achukue hatua moja ya mshazari, mguu ukishatoka mahali pake mengine yatafuata. Kama kilichomsimamisha ni kitu, mfano karavati jipya au turubai la muuza nyanya linalopepea, mwache atazame na kunusa dakika mbili. Ukimchapa hapo, kesho ataogopa karavati na fimbo pia.

Miguu ya nyuma ndiyo ya mwisho, usiianzie. Anza na mkono begani, telezesha kwenye mgongo hadi kalio, rudi. Siku zinazofuata shuka hadi goti la nyuma, rudi akiwa bado ametulia. Kama hatulii, tumia fimbo yenye kitambaa mwishoni umguse ukiwa mbali, na ukiiondoa iondoe wakati mguu umetua chini, wala si wakati unarushwa. Mguu ukinyanyuka, ushike chini chini, usiupeleke nje kando, sekunde mbili, uweke mwenyewe kwa upole. Wakati wote ama uwe umemgusa ubavuni kabisa, ama uwe mita tatu mbali. Mahali pabaya ni pale katikati, na punda anaweza kupiga hata kwa kando na mbele.

Zawadi ya chakula naitumia kwa uchache. Kipande cha michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) mara moja moja sawa, lakini kiweke kwenye beseni. Ukimlisha mkononi dume atakuja kutafuta vidole. Na usimpe pumba kwa ndoo eti anywee urafiki. Tumbo lake limeumbwa kwa majani makavu yenye nyuzi nyingi, nafaka nyingi humletea msokoto wa tumbo na kuvimba ndani ya kwato, na punda hawezi kutapika. Maji lita 20 hadi 25 kwa siku, zaidi wakati wa joto la Septemba na Oktoba. Aibu ni kwamba wengi wao husomba maji kutwa bila kunywa.

Umesema ni dume. Kama hajahasiwa, sehemu ya kung'ata na kupanda wenzake haitaondoka kwa kukunwa. Ahasiwe na daktari wa mifugo kwa upasuaji na ganzi, akiwa amechanjwa pepopunda. Burdizo, lile koleo la kuhasia ng'ombe, usimguse nayo. Baada ya hapo bado itachukua wiki kadhaa tabia kutulia.

Wa Kaliua, Urambo na Sikonge mnaosoma, mkiwa karibu na misitu yenye ndorobo, yaani mbung'o wanaoeneza nagana: punda aliyekuwa mchangamfu akaanza kudhoofu, kuchoka haraka na kuvimba chini ya tumbo, apimwe damu kabla hajaitwa mvivu. Na msikimbilie kumchoma dawa ileile ya ng'ombe kwa kukisia; ile ya unga wa njano punda na farasi huivumilia vibaya, dozi ikizidi kidogo inaua.

Mkuu, tuwekee picha tatu: kifua akiwa amefungwa mkanda, mgongo ukiwa mtupu, na kwato za nyuma kwa kando. Na useme anasimama mahali palepale kila siku au popote. Kama ni palepale, nenda mwenyewe kwa mguu saa hiyohiyo usimame hapo uangalie anachokiona.