Kugawa faili kubwa la mauzo bila kukata rekodi

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni karani katika duka la jumla la vipuri, Kariakoo. Nimekabidhiwa faili la CSV, yaani la maandishi ambayo safu zake hutenganishwa kwa alama ya mkato, lenye rekodi za mauzo zaidi ya milioni tatu. Excel hufungua sehemu tu. Nimeligawa kwa amri ya split kwenye Linux, lakini ni kipande cha kwanza pekee chenye majina ya safu, na baadhi ya anwani za wateja zimekatika. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza nakusihi uweke nakala ya faili hilo mahali salama. Karatasi moja ya Excel hubeba mistari 1,048,576 tu, hivyo ukilihifadhi humo kwa jina lilelile, rekodi zote zilizozidi hapo zitapotea.

Amri ya split, unapoipa idadi ya mistari, huhesabu mistari tu, wala haitambui rekodi inaanzia wapi na kuishia wapi. Chukua anwani iliyoandikwa "Mtaa wa Msimbazi", kisha chini yake "ghorofa ya pili": ikiwa yote imefungwa ndani ya alama za kunukuu, mistari hiyo miwili ni ya rekodi moja. Mpaka wa kipande ukiangukia katikati yake, kipande kinachofuata huanza na alama ya kufungia isiyo na ya kufungulia, na safu zinaweza kusomwa mahali pasipo pake.

Kwa hiyo andika skripti fupi, yaani maagizo kwa kompyuta, kwa lugha ya programu ya Python ukitumia moduli ya csv, ambayo huja pamoja na lugha yenyewe na hutambua alama hizo. Isome rekodi ya kwanza, yenye majina ya safu, iitunze, kisha ipitie zilizobaki moja baada ya nyingine, ikifungua faili jipya kila zinapotimia 500,000 na kuanza kwa kuandika majina yale juu yake. Kwa kuwa hushika rekodi moja moja, hata kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itaimudu kazi hiyo. Mafaili yote yafungue ukiandika newline='' ndani ya amri ya kufungulia, la sivyo katika Windows utakuta mstari mtupu baada ya kila rekodi.

Kwa mauzo, mimi ningependelea kugawa kwa mwezi, kwani ndivyo hesabu za duka zinavyoulizwa. Vyovyote utakavyogawa, jumlisha rekodi za vipande vyote, bila mistari ya majina, ulinganishe na za faili la awali. Halafu usifungue vipande kwa kuvibofya tu, maana Excel itazifuta sifuri za mwanzo katika namba za simu. Viingize kupitia menyu ya Data, na safu ya simu uitaje kuwa ni maandishi.